Leaf ya 2014 yenye vipande 9, Kibaha hadi Posta kila siku

Swali: Nakaa Kibaha Maili Moja na kazi yangu iko Posta, Dar es Salaam. Dalali ananiuzia gari la umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2014 iliyotoka Japani, betri ya kilowati-saa 24, na kipimo cha betri kinaonyesha vipande 9 kati ya 12. Tangazo linasema inatembea kilomita 228 kwa chaji moja. Mimi naona hizo zinatosha safari yangu zaidi ya mara mbili, lakini mume wangu anasema nitalala Kimara. Nani yuko sahihi? Na je, nitaweza kuchaji nyumbani kwa umeme wetu huu wa LUKU? (Msomaji, Kibaha)

Jibu: Dada yangu, kwa gari hilo mume wako yuko karibu na ukweli kuliko tangazo. Njia ya Kibaha haina tatizo lolote na magari ya umeme, na foleni ya Morogoro Road inayamaliza magari ya mafuta kuliko ya umeme. Kinachokwamisha hapa ni betri uliyoonyeshwa. Nitakufanyia hesabu yote uione mwenyewe, kisha nikuambie betri ipi itakufaa na namna ya kuikagua kabla hujatoa hata shilingi ya malipo ya awali.

Hizo kilomita 228 si uongo wa dalali. Ndiyo namba rasmi ya Japani ya Leaf ya toleo hilo, iliyopimwa kwa kipimo chao kiitwacho JC08: maabara, mwendo mdogo, kiyoyozi kimezimwa, betri mpya. Wamarekani walipolipima gari la mwaka huohuo la 2014 kwa kipimo chao kikali zaidi walipata kilomita 135. Kwa hiyo kila ukiona tangazo la gari la Japani, punguza namba yake kwa asilimia 40 kabla hujaanza kufikiria uchakavu wa betri.

Sasa uchakavu. Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, kwa hiyo nitahesabu kwa uniti ili tuelewane. Betri ya 24 ikiwa mpya inakupa uniti kama 21 na nusu za kutumia. Zinazobaki gari linazificha ili kuilinda betri. Vile vipande 12 vyembamba vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi havipungui kwa usawa. Cha kwanza kinapotea uwezo wa betri ukishashuka kwa asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 na robo. Gari lenye vipande 9 lina kati ya asilimia 66 na 72 ya uwezo wake wa mwanzo. Wengi wanapiga hesabu ya 9 gawanya kwa 12, wanapata asilimia 75, na hapo tayari wamejidanganya. Tuchukue asilimia 70: una uniti 15.

Safari yako ni yapata kilomita 40 kwenda na 40 kurudi. Leaf ikienda taratibu bila kiyoyozi inaweza kutembea kilomita 7 na nusu kwa uniti moja, kwa hiyo kilomita 80 zinakula uniti 10.7. Kisha kiyoyozi. Kiyoyozi hakijali umbali, kinajali muda. Ukikaa njiani kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, na joto la Dar likakifanya kivute wastani wa kilowati 0.8, hapo zimeondoka uniti 3.2. Halafu Kibaha iko juu kuliko Posta kwa mita mia na ushee, na gari lenye uzito wa tani moja na nusu na abiria wake linakula karibu nusu uniti kwa kila mita 100 linazopanda. Mlima huo unaupanda jioni, betri ikiwa imeshatumika. Jumla ni uniti 14.4 kati ya 15 ulizo nazo.

Kwa maneno mengine, kila jioni ungefika Kimara taa ya onyo la chaji imeshawaka, na Mbezi gari linaanza kukupigia kelele. Siku ya mvua, au siku uliyopitia Kariakoo kununua kitu, hufiki. Na hiyo ni mwaka huu. Betri ya miaka kumi na zaidi inaendelea kushuka, na kwa joto la pwani inaweza kupoteza asilimia kadhaa kila mwaka. Ungeweza kuokolewa na jambo moja tu: soketi ya kuchajia kazini. Kama ofisi yako ina maegesho ya ndani na mwajiri anakubali kukuwekea soketi, saa 4 za chaji mchana zinakurudishia uniti 8, na hapo hata gari hilo lingefanya kazi kwa miaka michache. Kama huna uhakika huo kwa maandishi, liache.

Betri ambayo ningekushauri utafute ni ya 40, iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2017 na kuingia mitaani sana kuanzia 2018, ile Leaf yenye umbo jipya. Hiyo ikiwa na afya ya asilimia 88 inakupa uniti kama 32. Unakwenda, unarudi, na zinabaki 18. Ikiwa ilijaa kabisa, unaweza kukosa umeme usiku mmoja na bado ukaenda kazini kesho yake. Fedha ikibana, ipo ya 30, yenye umbo lilelile la zamani, iliyouzwa kuanzia mwisho wa 2015. Ikiwa na afya ya asilimia 80 unapata uniti 22, akiba 8. Hiyo inatosha leo, na ninaamini itatosha kwa miaka kadhaa, ila uifuatilie. Kuhusu ya 30 kuna jambo la kujua: za mwanzo zilikuwa na kosa la programu lililofanya kipimo kionyeshe uchakavu mkubwa kuliko uliopo, na Nissan ikatoa marekebisho mwaka 2018. Ukikuta ya 30 inayoonyesha afya mbaya kupita kiasi, muulize muuzaji kama marekebisho hayo yalifanyika.

Kwa anayekaa Sinza, Mikocheni au Mbagala, ambaye safari yake yote kwa siku haizidi kilomita 40, hata ya 24 yenye vipande 10 inamtosha, na bei yake ni ndogo sana. Usilichukulie jibu langu kwako kuwa ni hukumu kwa Leaf zote za zamani.

Kwa nini nasisitiza joto? Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza. Magari mengine yana maji au gesi inayozunguka ndani ya betri. Leaf inategemea upepo tu unaopita chini ya gari. Mwaka 2012 wamiliki wa Leaf huko Arizona, Marekani, walianza kuona vipande vikipotea gari likiwa halijafikisha hata miaka miwili, na Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya uwezo wa betri. Dar haina joto kali kama la Arizona ya kiangazi, ila haina pia baridi ya kuipumzisha betri. Kinachoiua zaidi ni joto na chaji kamili vikikutana: gari limechajiwa hadi asilimia 100, kisha limeachwa juani siku nzima. Mwenzako wa Nairobi, kwenye ubaridi wa mita 1,700 juu ya bahari, ana nafasi ya kuitunza betri hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi. (Ila yeye hawezi kuagiza ya 2014 hata akitaka, kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililotumika lililozidi miaka 8.)

Tuje kwenye ukaguzi, na hapa usikubali haraka za dalali. Unahitaji kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari na kuchomekwa chini ya usukani, na programu ya LeafSpy kwenye simu. Vifaa vya bei ya chini kabisa mara nyingi haviongei vizuri na Leaf, kwa hiyo angalia orodha ya vinavyokubalika ndani ya programu yenyewe kabla ya kununua. Ukishaunganisha, soma kwanza namba ya afya ya betri inayoandikwa SOH. Hiyo ndiyo asilimia halisi; vipande vya dashibodi ni muhtasari wake. Kisha soma Ah, yaani ampia-saa: betri ya 24 ikiwa mpya ina kama 65, kwa hiyo ukikuta 45 unajua uko karibu na asilimia 70 na namba mbili hizo zinapaswa kukubaliana.

Baada ya hapo fungua ukurasa wa seli. Utaona mistari 96, kila mmoja ni jozi ya seli, na chini yake tofauti kati ya seli yenye volti nyingi na yenye volti chache, kwa milivolti. Chaji ikiwa juu, tofauti isiyozidi 30 ni nzuri. Lakini usiishie hapo, maana karibu kila betri hupendeza ikiwa imejaa. Liendeshe gari hadi chaji ishuke chini ya asilimia 25, kisha kanyaga mafuta (tunasema hivyo bado) kwenye mlima au mahali pa wazi huku mwenzako akiangalia simu. Tofauti ikiruka kupita milivolti 100, na kila mara ni mstari uleule unaozama, kuna seli dhaifu. Gari la namna hiyo litakuonyesha asilimia 18 na ghafla picha ya kobe itawaka, nguvu itakatika na utasogea kwa mwendo wa kutembea. Hesabu yote niliyokufanyia hapo juu inakuwa haina maana, kwa sababu betri nzima inasimama pale seli moja inapoishiwa.

Muuzaji akikataa uendeshe gari hadi chaji ishuke hivyo, umepata jibu lako.

Kuna udanganyifu mmoja ambao lazima uujue. Kompyuta ya betri inaweza kurudishwa mwanzo kwa kifaa, na gari la vipande 8 likaonyesha 12 asubuhi inayofuata. Vitabaki hivyo kwa wiki kadhaa, kisha kompyuta itajifunza upya na vipande vitaanza kuporomoka ukiwa umeshalipa. Dalili ziko tatu. Gari la 2013 au 2014 lenye SOH ya asilimia 95 au zaidi lina la kueleza, hasa kama limeshatembea kilomita 60,000 au 80,000. Pili, namba iitwayo Hx kwenye LeafSpy hushuka pamoja na umri. Ikiwa juu ya 100 kwenye gari kuukuu, shtuka. Tatu, na hii haidanganyiki, pima kwa barabara: chaji ijae, weka kipima safari sifuri, endesha kilomita 30 kwa mwendo wa kawaida, kisha linganisha asilimia iliyoondoka. Betri nzima ya 24 ingepoteza kama asilimia 22 hadi 25. Iliyochoka na kupakwa rangi inapoteza 35 au zaidi.

Ukinunua moja kwa moja kutoka Japani bila kuliona gari, hutaweza kufanya hayo, kwa hiyo dai picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, vipande vikionekana, na odomita na tarehe kwenye fremu moja. Wauzaji wengi wa huko wanatuma pia picha ya LeafSpy wakiombwa. Dhamana ya betri ya Nissan Japani haikufuati Tanzania, usiihesabu.

Kuhusu kuchaji nyumbani: inawezekana, na hutahitaji kitu chochote cha ajabu kutoka TANESCO. Chaja iliyo ndani ya Leaf nyingi za Japani inapokea kama kilowati 3, ambazo ni chache kuliko jiko la umeme la pleti mbili na pasi vikiwa vimewashwa pamoja. Ugumu ni kwamba jiko hulitumii saa 7 mfululizo, na gari utalichaji hivyo kila usiku. Soketi ya kawaida ya ampia 13 iliyochoka, au iliyofungwa kwa nyaya zilizolegea, itapata joto, itageuka rangi ya kahawia, na ikipuuzwa itawaka.

Mwite fundi umeme aliyesajiliwa umwambie akuvutie laini yake peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa milimita 4 za mraba (6 kama ni zaidi ya mita 20), sakiti breka ya ampia 20, na RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 ya aina A. Usikubali ile ya aina AC, kwa kuwa chaja ya gari inaweza kuvujisha umeme wa mkondo mnyoofu kidogo ambao aina AC haiuhisi. Kisha apime ethi kwa kifaa, asikuambie tu kuwa ipo. Nyumba nyingi zina fimbo ya ethi iliyochimbiwa kwenye mchanga mkavu au iliyokatika kutu, na wenye nyumba hawajui kwa sababu taa zinawaka. Kebo ya kuchajia inapima ethi kabla ya kuruhusu umeme. Isipoiona inawasha taa nyekundu na gari halichaji. Watu hudhani gari ni bovu, kumbe nyumba ndiyo mbovu, na hata friji lao lilikuwa linasubiri kumpiga mtu shoti.

Kebo inayokuja na gari kutoka Japani isome lebo kabla ya kuichomeka. Japani wana volti 100 na volti 200. Kebo ya volti 100 tu utaiunguza mara ya kwanza. Ya volti 200 wengi wanaitumia kwenye 230 na inafanya kazi, lakini haikutengenezwa kwa ajili hiyo, na plagi yake ya Kijapani inawashawishi watu kukata waya na kufunga plagi ya ampia 13 kwenye kebo inayovuta 15. Nunua kebo ya volti 230 yenye kichwa cha aina ya 1, ile ya matundu matano, inayoweza kuwekwa ampia 8, 10 na 13, na uiweke 10. Usitumie waya wa kuunganishia uliozungushwa kwenye gurudumu lake. Ukiwa umekunjwa unajipika. Na kile kifaa kidogo cha kulinda friji, ambacho wengi wanacho nyumbani, kisikae kati ya kebo na soketi kama hakijaandikwa ampia zinazotosha. Vingi ni vya ampia 5. Kinga ya umeme kurudi kwa kishindo ifungwe kwenye bodi.

Kwa ampia 10 betri inaingiza kama uniti 2 kwa saa. Uniti zako 14.4 zitachukua saa 7 na dakika chache: kutoka saa 4 usiku hadi saa 11 na robo alfajiri. Umeme ukiwa mdogo jioni, kama inavyotokea mwisho wa laini, chaja inavuta polepole zaidi, na volti zikishuka sana kebo itakata na kujaribu tena. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza usiku watu wakishalala. Leaf ina kipima muda chake. Kiweke ili chaji imalizike karibu na saa unayoondoka, ili betri isikae imejaa usiku kucha. Ukiwa na ya 40, chaji hadi asilimia 80 tu kwa siku za kawaida na ujaze siku ya safari ndefu.

Gharama. Si uniti zote unazonunua zinafika kwenye betri. Kama asilimia 13 zinapotea njiani kwa joto la chaja na kebo. Utanunua uniti 16.5 kwa siku ya kazi, kama 430 kwa mwezi wa siku 26. Kwa tarifu ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 357, yaani elfu kumi inakupa uniti 28. Mwezi ni shilingi 153,000 hivi. Gari dogo la petroli linalokula lita moja kwa kilomita 12 lingetumia lita 173 kwa kilomita hizohizo 2,080; kwa shilingi 3,000 lita ni 520,000. Kama mita yako iko D1, ile ya uniti 75 za bei ya chini, gari litakutoa huko, na umeme wa taa na friji nao utapanda bei. Uongeze kwenye hesabu. Kenya wana nafuu nyingine: tangu 2023 kuna tarifu maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 za Kenya kwa uniti na 8 usiku kabla ya kodi, kwa mita yake peke yake.

Sola usiinunue kwa ajili ya gari hili. Jua liko mchana, gari liko Posta. Jenereta ndogo ndiyo mbaya kabisa: lita moja ya petroli inatoa kama uniti 2, ambazo ni kama kilomita 10, pungufu hata ya kuiweka kwenye gari la petroli, na mara nyingi kebo inaikataa kwa kukosa ethi.

Kwenye matengenezo utapumzika na mengi: hakuna oili ya injini, plagi wala mkanda wa taimingi. Lakini kuna vitu vichache vinavyowaumiza watu kwa kutojua. Betri ndogo ya volti 12 ndiyo inayoliwasha gari, na ikifa Leaf inawasha taa zote za onyo kama vile kila kitu kimeharibika. Watu wamepelekwa kwenye matengenezo makubwa kwa tatizo la betri ndogo. Ipime kila mwaka, ibadilishe kila miaka mitatu au minne, na ujifunze kuibusti. Kitu cha pili ni fundi wa kiyoyozi. Kompresa ya Leaf inazungushwa na umeme wa volti nyingi na inatumia oili ya POE isiyopitisha umeme. Fundi wa kawaida akijaza gesi na oili ya PAG anayotumia kwenye magari yote, umeme utaanza kuvuja ndani ya kompresa, gari litagundua na kukataa kuwaka. Kusafisha mfumo mzima baada ya hapo ni gharama kubwa. Mwambie kabla hajafungua, na aoneshe kopo la oili.

Nyaya za rangi ya chungwa hazishikwi na mtu asiye na mafunzo. Kuna plagi ya usalama sakafuni mbele ya kiti cha nyuma. Fundi anayejua kazi anaichomoa, anasubiri dakika 10, anapima, na anavaa glavu za volti 1,000. Fundi anayecheka ukimuuliza kuhusu glavu asiguse gari lako. Na likikwama, livutwe matairi ya mbele yakiwa hewani au lipakiwe juu ya gari la kubebea, kwa sababu matairi ya mbele yakizunguka mota inazalisha umeme.

Tumbo la gari liko karibu sentimita 16 kutoka ardhini na betri ndiyo tumbo lenyewe. Kwenye ukaguzi lala chini utazame mikwaruzo na mibonyeo ya kasha la betri; gari lililogongwa na tuta hapo liache. Wakati wa masika, Jangwani ikijaa maji, geuza. Betri imezibwa, lakini mihuri ya gari la miaka kumi haina mtu wa kuidhamini. Maji yakifika nusu ya tairi yamezidi. Likishaingia maji usilichaji hadi likaguliwe.

Dalali anaweza kukuambia betri ikichoka utabadilisha. Inawezekana kufunga betri ya 40 kwenye gari la 24 kwa kifaa cha kutafsiri mawasiliano ya kompyuta zake, na inawezekana kubadilisha moduli moja moja kati ya 48 zilizomo. Lakini moduli mpya lazima ilinganishwe volti na uwezo na wenzake, vinginevyo inavutwa chini nao baada ya miezi. Usinunue gari lililochoka kwa kutegemea kazi hiyo. Vilevile usinunue kwa kutegemea chaja za haraka za barabarani: Leaf inatumia kichwa cha CHAdeMO ambacho dunia inakiacha, na magari yanayotoka China moja kwa moja yana kichwa tofauti kabisa cha GB/T. Nyumbani ndiko kituo chako cha mafuta. Morogoro utakwenda kwa basi, treni au gari lingine.

Ukiwa na bajeti kubwa zaidi, magari mapya ya Kichina yenye betri za LFP (lithiamu ya chuma na fosfati) yanavumilia joto na kuchajiwa hadi kujaa kuliko betri ya Leaf, na hayo yanastahili mazungumzo. Angalia tu usukani uko upande gani, kichwa cha kuchajia ni kipi, na kama menyu inabadilika kutoka Kichina. Leaf za Japani nazo zina menyu ya Kijapani; dashibodi nyingi fundi anaweza kuzigeuza, redio ni ngumu zaidi.

Kabla ya kulipa ingiza mwaka na modeli kwenye kikotoo cha TRA, maana gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na ongezeko hilo linaweza kupunguza sana ule unafuu wa bei uliokuvutia kwenye la 2014. Kisha mwandikie dalali kwamba unataka ya 40, SOH isiyopungua 85, picha ya ukurasa wa seli chaji ikiwa chini ya asilimia 25, na saa moja ya kuliendesha. Akileta ya 30 yenye afya ya 80 na seli zilizotulia, zungumzeni bei ipungue.